Sheria ya Mdomo

Dalali alirudi mezani miezi minane baada ya kiharusi, Jumamosi saa nane mchana, na dada yake ndiye aliyemfungulia mlango. Alikuwa amepanda ngazi za ghorofa tatu kwa miguu yake mwenyewe. Mkewe alikuwa nyuma yake na fimbo mkononi, fimbo ambayo mwenye kuhitaji alikuwa ameikataa tangu chini.

"Wifi, mpe maji kwanza," mke alisema. "Na msimsemeshe kabla hajapumua."

"Karibu, kaka," dada alisema.

Dalali alimtazama, akafungua mdomo, akatafuta neno, akalikosa. Alitikisa kichwa tu, akapita, akavuta kiti chake cha karibu na dirisha na kukaa kama mtu aliyekuwa ametoka mara moja kwenda dukani.

Huyo dada alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini. Siku za kazi alisoma damu za watu na kuandika namba ambazo wengine walizisubiri roho juu. Jumamosi kazi yake ilikuwa nyingine, na mezani walimwita Msimulizi. Yeye ndiye aliyeendesha mchezo.

Mchezo wenyewe haukuwa na mshindi. Msimulizi alieleza nchi ya kubuni, milima yake, miji yake na wafalme wake, na wenzake watatu kila mmoja alikuwa na mhusika wake ndani ya nchi hiyo. Mhusika aliandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, wepesi wake, ushawishi wake, vitu alivyobeba. Akitaka kufanya jambo linaloweza kumshinda, kuruka ukuta au kuvuka mto uliofurika, mchezaji alirusha dadu ya pande ishirini. Namba kubwa, amefaulu. Namba ndogo, imekula kwake. Walikuwa wameicheza hadithi hiyo moja kwa miaka sita.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikurushiwa dadu. Mhusika akitaka kumshawishi mtu, kumbembeleza, kumtisha au kumdanganya, mchezaji alipaswa kuongea mwenyewe, pale pale mezani, na Msimulizi alijibu kama yule anayesemeshwa. Ukiongea vizuri, umepata. Ukiongea vibaya, umekosa. Waliiita sheria ya mdomo, na aliyeileta alikuwa Dalali.

Kwake ilikuwa rahisi. Alikuwa mwendesha minada: mashine za viwanda vilivyofungwa, magari, samani za ofisi. Aliweza kuuza kabati lisilo na mlango na mnunuzi akaondoka akimshukuru. Mezani alikuwa Mjumbe, msemaji wa watu wa bondeni, na si mara moja wala mbili alikuwa amewatoa wenzake kitanzini kwa maneno matupu.

Aliyeumizwa na sheria hiyo alikuwa Fundi. Alikuwa fundi wa lifti, mtu mrefu, mpole, anayeshinda kutwa ndani ya mashimo ya lifti na kopo la grisi, na kazi hiyo aliipenda kwa sababu nyaya hazikumtaka maneno. Miaka minne iliyopita mhusika wake alikuwa mfanyabiashara mwenye ulimi mtamu. Alikuwa amemchagua kwa makusudi, awe mtu ambaye yeye mwenyewe hakuwa. Ikafika siku ambayo mfanyabiashara huyo alipaswa kusimama mbele ya hakimu na kuokoa shingo yake.

"Naomba nirushe dadu," Fundi alisema siku hiyo. "Mimi siwezi. Lakini yeye anaweza."

"Hapa maneno hayarushwi," Dalali alijibu. "Kama huna mdomo, chukua upanga."

Wote walicheka, na Msimulizi naye alicheka. Fundi alijaribu. Alisema sentensi tatu, jasho likimtoka, ya tatu akaiacha katikati. Hakimu alikuwa Msimulizi, na hakimu alikataa. Mfanyabiashara alinyongwa. Fundi aliondoka mapema, akakaa miezi miwili bila kuonekana, kisha akarudi na mhusika mpya, Mpiga Mishale, mtu wa mwituni asiyeongea na yeyote. Habari ile haikutajwa tena.

Wa nne alikuwa Mwalimu, mwanamke aliyefundisha hesabu sekondari. Mhusika wake alikuwa Mganga, na yeye ndiye aliyeandika kila kitu kwenye daftari: nani amekufa, nani ameahidi nini, sheria ipi imepitishwa lini. Ukibisha, alifungua ukurasa.

Mchezo ulikuwa umesimama mahali pabaya. Watu mia tatu wa bondeni walikuwa wakikimbia, jeshi la mfalme nyuma yao, daraja mbele yao. Daraja lililindwa na Kamanda, mwanamke mkali aliyeamriwa asipitishe mtu. "Niachieni mimi," Dalali alikuwa amesema wakati wa kuagana. "Jumamosi ijayo nitamlainisha." Jumatano yake alianguka katikati ya mnada, nyundo mkononi.

Mkono wa kulia ulibaki dhaifu. Akili ilibaki salama, kila kitu alikielewa, hata utani. Maneno ndiyo yaliyotawanyika. Akitaka chumvi angeweza kusema Jumatano, akajua amekosea, na asiweze kulirekebisha.

Kabla hawajaanza, wifi alimvuta Msimulizi jikoni na kufunga mlango kwa kisigino.

"Wiki nzima hajalala vizuri kwa ajili ya hii siku," alisema kwa sauti ya chini. "Mtaalamu wa matamshi amesema asivunjwe moyo. Mpe ushindi, wifi. Ni mchezo. Nani atajua?"

"Wifi, huwa tunacheza..."

"Sijakuomba kitu tangu nimeolewa kwenu."

Msimulizi alichukua bilauri za maji kwenye sinia, akafungua mlango. Waliporudi sebuleni, wifi alikaa kwenye kochi, akafungua simu, na hakuitazama hata kidogo.

Ramani ilikuwa imetandazwa mezani. Vipande vidogo vya mti vilionyesha wahusika, na Mjumbe alikuwa kile chenye rangi nyekundu kichwani. Msimulizi alisafisha koo na kueleza: ukungu, watoto waliobebwa mgongoni, maji ya mto yakipiga nguzo za daraja, Kamanda amesimama katikati na askari ishirini. Alipofika mwisho alimtazama kaka yake bila kutaka, na wengine wakamtazama pia.

"Nina wazo," Mwalimu alisema haraka. "Tuseme Mjumbe amepatwa na homa, sauti imekauka. Mganga aongee kwa niaba yake."

"Hapana," Dalali alisema.

Neno hilo halikuwa limemtoroka. Alisimama, mkono wa kushoto juu ya meza.

"Kamanda," alianza.

Lilitoka wazi, kwa sauti ile ile ya zamani iliyokuwa ikijaza ukumbi, na kwa muda mfupi kila mmoja aliamini yameisha. Wifi aliinua kichwa.

"Kamanda, mimi... hawa. Hawa viti. Viti mia tatu." Akanyamaza. Alijua. "Hapana. Vi... wa... wa..."

Midomo yake ilishika umbo la neno na sauti haikuja. Mshipa ulimtoka shingoni. Fundi alikuwa ametazama ramani. Mwalimu alifunika na kufunua kalamu yake, akafunika, akafunua. Msimulizi alitaka kumsaidia, kumtajia lile neno watu, neno dogo la watoto wa miaka miwili, lakini alishindwa kujua kama huo ungekuwa msaada au kofi.

"Viti," Dalali alisema tena, na akapiga meza kwa kiganja. Bilauri iliruka, maji yakamwagika juu ya mto wa ramani na kuenea hadi bondeni.

Wifi alikuwa tayari amesimama. "Basi. Twende nyumbani."

"Kaka, turushe dadu," Msimulizi alisema.

"Hapana."

"Mjumbe ana ushawishi mkubwa kuliko mtu yeyote kwenye karatasi hizi. Dadu itamsemea."

"Hapana." Alinyoosha kidole kwenye daftari la Mwalimu, akakigongesha juu ya jalada mara mbili, kisha akajigusa kifuani. Hakukuwa na haja ya kufungua ukurasa. Sheria ilikuwa yake, na hakuwa tayari kuivunja kwa sababu sasa ilikuwa imemgeukia yeye.

Ndipo Fundi alipoongea.

"Mimi niliiomba hiyo dadu miaka minne iliyopita."

Hakuipandisha sauti. Alikuwa bado anatazama maji yanayolowanisha karatasi.

"Fundi," Mwalimu alisema, "leo siyo siku yake."

"Siku yake ni ipi?"

Fundi alimgeukia Dalali, akaificha mikono yake mirefu chini ya meza.

"Uliniambia kama sina mdomo nichukue upanga. Mkacheka. Nilifika nyumbani nikakaa ndani ya gari nje ya geti karibu saa nzima, kwa sababu sikutaka mke wangu aione sura yangu. Aliponiuliza mchezo umekwendaje, nikasema vizuri. Na nilikuwa najua cha kumwambia yule hakimu. Nilijua anaogopa nini. Nilijua atamwachia kwa sababu gani. Nilichokosa ni maneno ya kupanga mbele ya watu, basi."

"Ni... nili..." Dalali alianza.

"Sijamaliza."

Dalali alinyamaza. Katika maisha yake alikuwa amewakata watu kauli maelfu ya mara, na sasa alimsikiliza mtu hadi mwisho kwa kuwa hakuwa na namna nyingine.

"Mimi ni mpiga mishale miaka minne sasa," Fundi aliendelea. "Hakuna aliyewahi kuniambia nishuke barabarani nivute upinde ndipo tuamini nimelenga. Mwalimu hapa hajatibu hata kuku, na Mganga wake anashona matumbo ya watu kila wiki. Ni mdomo tu ndio mliotaka tuulete kutoka nyumbani."

Wifi, aliyekuwa amerudi kochini, alitoa sauti fupi, ikaishia puani, haikujulikana kama ni kicheko au nini. Chini barabarani mtu alikuwa akijaribu kuwasha pikipiki, ikikohoa na kuzima.

Fundi aliinuka. Msimulizi alidhani anaondoka, na hata Dalali alidhani hivyo, kwa kuwa aliusogeza mkono wake mzima kama anayetaka kumshika. Lakini Fundi alibeba kiti chake, akazunguka meza, akakiweka karibu na kiti cha dirishani.

"Kaa," alimwambia Dalali. "Sikuhurumii. Nakuuliza. Unataka nini kwa Kamanda?"

Dalali alikaa. Alimtazama kwa muda, kisha akaweka kidole kwenye kundi la mbegu za maboga zilizosimamia watu wa bondeni, akakiburuta juu ya daraja hadi ng'ambo.

"Wote?"

"Wote." Neno lilitoka.

"Kamanda anaogopa nini?"

Hapo Dalali alifikiri. Dada yake aliujua uso ule. Ndio uliokuwa ukitazama ukumbi mzima wa wanunuzi na kuchagua nani bado ana hamu na nani anajifanya amechoka. Kidole kilipanda kwenye ramani hadi mji mkuu, kikagusa bendera ya mfalme, kisha kikapita polepole kwenye koo lake mwenyewe.

"Akiwapitisha, mfalme atamnyonga," Fundi alisema.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unampa nini cha kumpelekea mfalme?"

Dalali alichukua kile kipande chenye rangi nyekundu. Mkono wa kushoto haukuwa mwepesi. Kilimponyoka mara moja, akakiokota. Alikivusha daraja, akakisimamisha ndani ya hema la Kamanda, kisha akaunganisha viganja vyake viwili, kile kizima kikikibeba kile dhaifu, kama mtu aliyefungwa kamba.

Mwalimu alivua miwani.

"Anajitoa mateka," alisema. "Mfalme anamtafuta Mjumbe miaka sita. Kamanda akimpeleka huyo, nani atamuuliza habari za wakulima mia tatu?"

Msimulizi alihisi macho yanamuuma. Kaka yake alikuwa mzima mle ndani, mjanja yule yule, amekaa nyuma ya mlango uliokwama. Lakini alikuwa na kazi ya kufanya, akaifanya.

"Mngemwomba tu kwa huruma, ningetaka kumi na nane," alisema. "Kwa kujitoa huko, na kwa ushawishi wa Mjumbe, nataka kumi na moja kwenda juu."

"Nusu kwa nusu," Mwalimu alisema.

"Ndiyo. Na niseme mapema, ikija chini ya hapo, Kamanda atamchukua Mjumbe na daraja litabaki limefungwa. Atapata vyote viwili. Kaka, bado unarusha?"

Dalali aliwatazama mmoja mmoja. Alitazama daftari. Kisha akamtazama Fundi, na Fundi akainua mabega kidogo, kama kusema ni juu yako.

"Haya," Dalali alisema.

Aliichukua dadu kwa mkono wa kushoto. Vidole havikuwa na kipimo. Aliirusha kwa nguvu mno, ikagonga bilauri, ikaruka ukingo wa meza, ikatambaa kwenye vigae na kuingia chini ya kabati la vyombo, upande alioketi Msimulizi peke yake.

"Nitaiona," alisema, akapiga magoti.

Ilikuwa imesimama kwenye vumbi, imegusa mguu wa kabati bila kuinama, namba yake juu, wazi kabisa. Sita.

Alikaa pale sakafuni muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kila siku alisoma namba ambazo watu walizililia, na katika miaka kumi na saba hakuwa amewahi kubadilisha hata moja, hata ya mama wa rafiki yake. Aligeuza shingo kidogo. Kutoka kochini wifi alikuwa amemkazia macho, simu imeinamishwa mapajani. Nani atajua?

Alifunga dadu kwenye ngumi na kusimama.

"Kumi na nne."

Mwalimu alishusha pumzi. Wifi aliweka mkono kifuani. Fundi, ambaye hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo, alitabasamu, akampiga Dalali begani mara moja na kuuacha mkono pale. Msimulizi alianza kueleza jinsi Kamanda anavyoinua mkono na askari wanavyofungua njia, na sauti yake ilikuwa nyepesi, inakimbia.

Dalali hakutabasamu. Alikuwa anamtazama dada yake. Kwa miaka ishirini alikuwa amekula kwa kusoma nyuso za watu waliokaa mbele yake, na uso huu aliusoma tangu ukiwa kwenye beleko.

"Hapana," alisema.

Msimulizi aliendelea na sentensi yake.

"Dada." Lilitoka safi, bila kutafutwa. Alinyoosha kiganja. "Namba."

Pikipiki ya chini ilikuwa imewaka na kuondoka.

"Sita," Msimulizi alisema.

Fundi aliuondoa mkono wake begani mwa Dalali, taratibu, akauweka mapajani.

"Umetudanganya," Mwalimu alisema hatimaye. Aliweka kiganja juu ya daftari, miaka sita ya maandishi yake. "Na hizi nyingine? Nitajuaje?"

"Hii ndiyo ya kwanza."

"Ungesema hivyo hata kama ni ya mia."

"Mimi ndiye niliyemwomba," wifi alisema kutoka kochini. "Msimuonee. Mlitaka afanyweje, mtu aliyekaa wiki tatu bila kuweza kutaja jina la mwanawe?"

"Uliomba wewe, nimesema mimi," Msimulizi alimjibu. Aliiweka dadu katikati ya ramani iliyolowa. Magoti yalikuwa bado na vumbi. "Naomba radhi kwenu wote. Na wewe, Fundi, siku ile nilikuwa hakimu. Dalali alikuwa mchezaji kama wewe, hakuwa na amri hapa. Ningetaka kukupa dadu, ningekupa. Badala yake nilicheka na wengine."

Fundi alikunja uso. "Ungenipa ya kweli au ya uongo?" aliuliza.

Msimulizi alijua kwamba jibu lolote lisingeaminika mchana ule.

"Meza nyingine dadu ikianguka sakafuni hurushwa upya," Mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Sisi hatujawahi kuandika lolote kuhusu hilo. Tukitaka, tunaweza kuandika sasa."

Dalali alitikisa kichwa. Aliisogeza dadu mbele yake, akaigeuza kwa kidole kimoja upande baada ya upande, hadi sita ilipokaa juu. Kisha akamwashiria dada yake aendelee.

Hivyo Msimulizi alilazimika kumfunga kaka yake kamba. Alieleza jinsi Kamanda alivyomsikiliza Mjumbe hadi mwisho, jinsi alivyokubali kwa kichwa, jinsi askari walivyomshika mikono, na jinsi Kamanda alivyogeuka na kuamuru daraja lifungwe vile vile. Hakulainisha popote. Dalali alisikiliza taya imekaza. Ilipofika pale ambapo Mjumbe aliburutwa mbele ya watu wake mwenyewe, alifumba macho, na alipoyafumbua yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amekaa wima zaidi kuliko alivyokaa tangu afike.

Alimgusa Fundi kiwiko. Zamu yako.

Mpiga Mishale na Mganga waliwapeleka watu kwenye kivuko cha juu, mahali mto ulipokuwa mpana na wenye kasi. Walirusha dadu mara nyingi jioni hiyo, zote katikati ya meza, na kila mara vichwa vinne viliinama kuisoma pamoja. Wifi alihama kochini bila kuambiwa na kusimama nyuma ya kiti cha mumewe. Watu arobaini na mmoja hawakufika ng'ambo. Mwalimu aliiandika namba hiyo, na chini yake akaandika sheria mpya: mtu aseme anachotaka na njia yake, kwa mdomo, kwa kidole au kwa namna yoyote aliyo nayo, wote wajue kitakachotokea akikosa, kisha arushe, na wote waone. Alimpa Dalali kalamu. Dalali alichora mstari uliopinda kwa mkono wa kushoto. Fundi alitia sahihi chini yake.

Wakati wa kuondoka Dalali alisimama mbele ya Fundi mlangoni. Fundi alikuwa anavaa viatu. Alipomaliza alinyanyuka, akasubiri.

Ilichukua muda mrefu. Wifi alifungua mdomo kusaidia na Msimulizi akamshika mkono.

"Upa... upanga," Dalali alisema. Akavuta pumzi. "Vibaya. Mimi, vibaya."

"Nimesikia," Fundi alisema.

Hakusema yameisha, kwa sababu hayakuwa yameisha. Alishuka ngazi peke yake, mbilimbili, kama kawaida yake.

Wifi alibaki nyuma kidogo. "Nilikuomba kitu kimoja," alimwambia Msimulizi.

"Najua."

"Sijui kama nitamleta tena."

Dalali alikuwa ameshafika ngazi ya kwanza, ameshika ukingo. Aligeuka. "Jumatano," alisema, akakunja uso, akatikisa kichwa. "Juma... Jumamosi." Akaanza kushuka bila kusubiri jibu. Wifi alimfuata na ile fimbo, ambayo bado aliibeba yeye.

Alimleta. Jumamosi iliyofuata Dalali alikuwa dirishani saa nane kasoro. Fundi hakuja, wala simu hakupokea. Walicheza kwa shida, watatu, na Mwalimu alizisoma dadu zote za Msimulizi kwa sauti, moja baada ya nyingine, bila kuomba ruhusa. Msimulizi alimwachia. Aliona ni haki yake, na ilimuuma.

Katika wiki hizo kampuni ya minada ilimwambia Dalali ukweli ambao alikuwa ameshaujua: nyundo imekwenda kwa mtu mwingine. Walimpa kazi ya kukagua bidhaa kabla ya mnada, kufungua droo, kugonga mbao, kuweka alama ya chaki kwenye kilichooza. Siku ya kwanza alirudi nyumbani na kulala na viatu. Siku ya tatu alianza kumwonyesha mkewe kwa vidole jinsi walivyotaka kumbambikia jenereta bovu. Wifi alimhadithia Msimulizi habari hiyo kwenye simu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumpigia tangu ile siku.

Jumamosi ya tatu walikuwa wameshaanza mlango ulipogongwa. Fundi alikuwa na mfuko wa vifaa begani na grisi kwenye kola. Alisema lifti ya jengo fulani ilikwama na watu ndani, akasema Jumamosi iliyotangulia pia kulikuwa na kazi, na hakuna aliyemuuliza ile ya kabla yake ilikuwaje. Alinawa mikono. Alibeba kiti, akasita kidogo, akakiweka pale pale kilipokuwa mara ya mwisho, karibu na dirisha.

"Mateka wetu yuko hali gani?" aliuliza.

Wote walimwachia Dalali ajibu, na walimpa muda wote alioutaka.

"Njaa," alisema.

Haikujulikana kama alimaanisha Mjumbe au yeye mwenyewe. Msimulizi aliinuka, akaenda jikoni kukata mkate.